Kituo cha Pili: Wazazi (Chai)

Mvumi,
Wilaya ya Chamwino,
Dodoma.
Jumatano jioni.

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Mapumziko.

Ndugu Mhariri,

YAH: MALALAMIKO YA KUPEWA DAKIKA AROBAINI, PAMOJA NA OMBI LA KUTAMBULIWA KUWA KIVUTIO

Huku kwetu ni wazima wote, isipokuwa goti langu la kulia, ambalo limezoea kutajwa kwanza. Naitwa Bartolomayo Chidumizi, bwana shamba mstaafu, umri wangu miaka sabini na mmoja. Mimi si mtu wa kuandikia magazeti. Mara ya mwisho kulalamika kwa maandishi ilikuwa mwaka 1994, kuhusu dawa ya panya iliyokuwa ikiwanenepesha panya, na wakubwa walinisikiliza. Ndiyo maana nimepata moyo wa kujaribu tena.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi uliopita ukurasa wako ulitoa makala iitwayo "Siku Nne Katikati ya Nchi, Bila Haraka". Mwanangu Sila anafanya kazi Dar es Salaam, katika ofisi inayogawa likizo kama dawa ya kikohozi, kijiko kimoja kimoja. Mwaka huu amepata siku nne. Aliisoma makala yako, akaipenda, akakaa na mkewe Shamila wakapanga ratiba kwa kufuata mwongozo wako, kisha akanitumia kwenye simu. Macho yangu hayawezi tena maandishi ya ukubwa wa chawa, kwa hiyo niliipeleka steshenari ikatolewa kwenye karatasi. Ninayo hapa mbele yangu. Nimeikunja na kuikunjua hadi imeanza kuchanika katikati.

Nanakili sehemu ya Jumamosi hii kama ilivyo, nisije nikadhaniwa mzushi:

Saa 3:00 – Kuondoka nyumba ya wageni, Miyuji.
Saa 3:10 hadi 3:30 – Kituo cha kwanza: mafuta na upepo wa matairi.
Saa 4:20 hadi 5:00 – Kituo cha pili: wazazi (chai).
Saa 8:00 – Mtera. Kuingia hotelini.
Saa 9:00 hadi 9:50 – Picha na bwawa.

Ndugu Mhariri, hao wazazi ni sisi. Mimi na mke wangu Loisi, ambaye alipoisoma aliuliza tu kwa nini chai yake imefungiwa kwenye mabano. Matairi yamepata dakika ishirini, bwawa limepata hamsini, sisi tumewekwa katikati. Nimekaa na jambo hili kwa siku tisa, nimelichambua kama nilivyofundishwa kuchambua udongo, na haya ndiyo malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Dakika zenyewe hazitoshi kwa hesabu yoyote ile. Kwetu Ugogoni salamu si neno moja la kurushwa dirishani gari likiwa linaunguruma. Mgeni anaulizwa habari za alikotoka, za njiani, za watoto, za kazi na za mvua ya huko, naye anauliza za ng'ombe, za shamba, na za kila mgonjwa kwa jina lake. Nimeipima kwa saa yangu ya mkononi mimi na jirani yangu Obedi, tukiwa hatuna hata jambo jipya la kuambiana, tukatumia dakika kumi na tatu. Chai kwa kuni za msimu huu ni dakika kumi na nane. Kumkamata kuku sikukuweka, kwa sababu kuku hakuletewa nakala ya ratiba. Kusindikiza wageni hadi kwenye gari, huku bibi yao akikumbuka alichosahau kuwapa, akarudi ndani, akatoka na karanga, akarudi tena kufuata mfuko wa kutilia karanga, ni dakika kumi na tano. Jumla ni arobaini na sita, na hapo hakuna aliyekaa kwenye kiti.

2. Siku ya Jumapili, kuanzia saa 4:00 hadi saa 7:00, ratiba inasema: "Kutofanya chochote." Niliangalia mara mbili, nikamwita Obedi naye aangalie. Ni saa tatu kamili, zimepangwa, zimepigiwa mstari. Nimewahi kushindwa na watu katika maisha yangu. Nilishindwa uenyekiti wa ushirika kwa kura nne, na nilimpa mshindi mkono. Lakini kushindwa na kutofanya chochote, tena kwa tofauti ya saa mbili na dakika ishirini, hilo sikulitegemea. Na kama ni kutofanya chochote, mimi nina uzoefu nalo tangu nistaafu, ningeweza kuwafundisha.

3. Kuna upendeleo baina ya wazee. Baba yake Shamila, Mzee Ibrahimu wa Kondoa, amepewa saa moja na nusu na chakula cha mchana, eti kwa sababu nyumba yake iko njiani kuelekea kwenye michoro ya miambani ya Kolo. Sina ugomvi na Mzee Ibrahimu. Ni mtu mwema, tulielewana vizuri hata wakati wa mahari. Ila alinipigia simu Jumapili kunipa pole, na katika kunipa pole alisema "sisi wa saa moja na nusu" mara tatu. Mzazi hawezi kuhamisha nyumba kwenda kuisogeza karibu na mwamba wenye michoro. Nyumba yangu niliijenga mwaka 1983 nikiwa sijui kwamba siku moja itapimwa kwa kilicho jirani yake.

4. Jumatatu watarudi kutoka Mtera kwa barabara ileile, na watapita njia panda ya kuja kwetu. Ratiba inasema, naomba uishike vizuri miwani yako: "Kupita moja kwa moja." Hapa sina hoja. Nimeliandika tu ili lipate namba.

5. Sasa nafika kwenye mawe. Michoro ya Kolo imepewa saa tatu. Naiheshimu michoro ile, niliiona mwaka 1977 nikiwa na safari ya wanafunzi wa kilimo, watu warefu wembamba wa rangi nyekundu waliotulia kabisa kwenye jiwe. Nakubali ni mali ya taifa. Lakini tuulizane kwa haki. Ile michoro haimjui mjukuu wangu Jenifa. Haijui kwamba alizaliwa miguu ikitangulia, na kwamba babu yake alishinda kwenye benchi la hospitali siku mbili kwa kikombe kimoja cha uji. Haitamuuliza yuko darasa la ngapi. Pia imekaa pale miaka maelfu na wataalamu wanasema itakaa mingine mingi ikitunzwa. Mimi nina sabini na mmoja, na goti. Popote duniani, kivutio kilicho karibu kutoweka hutembelewa kwanza. Nimewahi kusoma hilo katika ukurasa wako mwenyewe, uliposihi watu wawahi kumwona faru.

6. Makala yako iliorodhesha sifa za mahali pa kupumzika, nami nimezipitia moja baada ya nyingine. Uliandika kwamba mahali pawe na utulivu. Kwangu kelele kubwa ni ya mbuzi, na anaweza kufungwa upande wa pili. Uliandika kwamba pasiwe na mtandao, ili mtu apumzishe akili. Kwangu simu inashika ukipanda juu ya kichuguu nyuma ya choo, tena uelekee kaskazini. Uliandika kwamba mgeni aonje chakula cha asili, ukataja hoteli moja mjini inayopakua ugali wa uwele na mlenda kwenye sahani nyeusi yenye umbo la jani. Mama Sila amepika ugali wa uwele na mlenda kwa miaka arobaini na sita, na hakuna hata mara moja mtu amesimama juu ya kiti kuupiga picha. Juu ya yote uliandika, na hapa nanukuu, "vituo vikipungua, mapumziko huongezeka." Shika hapo, nitaparudia.

Usidhani nimekaa nikilalamika bila kujisaidia. Hatua zifuatazo zimeshachukuliwa.

Obedi, ambaye ni fundi rangi, ameniandikia kibao kinachosema KIVUTIO: BABU NA BIBI, MITA 300, na mshale. Tumekisimika kwenye njia panda. Kufikia jana kilikuwa kimeleta watalii wawili, mmoja akiwa muuza dagaa, mwingine mwinjilisti aliyetaka kujua kama tumebadilisha dini. Wote walikaribishwa chai na wote walikaa zaidi ya dakika arobaini.

Nimefungua kitabu cha wageni, daftari kubwa lenye safu ya jina, anakotoka, na maoni. Muuza dagaa ameandika "pazuri, ila babu anaongea sana." Nimeliacha kama lilivyo kwa ajili ya uwazi.

Nimechora. Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe la kutosha, na udongo mwekundu hatujapungukiwa. Niliuchanganya na mafuta ya kupikia, nikachora mzee, ng'ombe, na kijana mmoja ameinamia kitu mkononi, ambacho wataalamu wa baadaye watabishana kama ni upinde au ni simu. Nilifuata mtindo wa Kolo wa watu warefu, lakini Sila ametokea kama twiga. Mama Sila aliuliza kwa nini yeye hayumo. Nilipomchora, aliuliza huyo mnene ni nani. Mwenyekiti wa kitongoji naye amefika kuuliza kama jiwe lile nimelipatia kibali, nikamwonyesha makala yako, akaenda zake akitikisa kichwa.

Nilimwomba pia Mama Sila awe mtembeza wageni. Alikataa, akasema yeye si wa maonyesho, na kwamba kama nina hamu na mwanangu nimpigie simu nimwambie alale. Nilimweleza kwamba jambo kama hilo halisemwi kwenye simu. Mtu mzima hamwombi mwanawe aje alale kwake. Mtoto anajua mwenyewe. Akaenda kwa majirani kuazima magodoro, na tangu hapo sijasikia maoni yake mengine.

Basi nami nilinyooshe, Ndugu Mhariri, kwa kuwa wewe sikujui na unajua kutunza siri za watu wanaokuandikia. Daudi, mjukuu wangu wa pili, ana miaka minne na hajawahi kulala chini ya bati langu hata usiku mmoja. Jenifa alilala mara ya mwisho akiwa hajang'oa meno ya utoto. Nataka walale. Nataka niamke alfajiri nikute viatu vidogo mlangoni, nivikung'ute visije vikawa na nge, halafu nijifanye nimekasirika kwamba vimeachwa nje. Nimelitaka hilo kwa miaka mitatu na sikujua jinsi ya kuliomba, hadi makala yako iliponionyesha kwamba kumbe mahali pakiandikwa gazetini watu hufunga mizigo wakaja wenyewe.

Kwa hiyo maombi yangu ni haya.

La kwanza, katika toleo lijalo, uniorodheshe mimi na Mama Sila miongoni mwa vivutio vya kanda hii. Sidai kuwa juu ya bwawa. Tukiwekwa kati ya bwawa na mashamba ya zabibu itatosha, kwa herufi za kawaida.

La pili, urekebishe makala ile. Uliandika mwenyewe kwamba vituo vikipungua mapumziko huongezeka. Saba vikiwa sita, mtu anapumzika. Vikiwa vitatu, anapumzika zaidi. Ukifuata hesabu hii bila woga, na mimi nimeifuata jana nzima kwenye karatasi, unafika kwenye kituo kimoja, ambapo mapumziko hayana mpaka. Naomba kichwa kiwe "Siku Nne, Kituo Kimoja". Kituo nimeshakitaja.

La tatu, ili Mtera na Kolo zisijisikie zimetupwa, zipewe dakika arobaini kila moja (chai). Kama zitalalamika, zielekeze kwangu, ninajua jinsi ya kuzifariji.

La nne, kama hayo yote ni mazito, basi weka mstari mmoja tu chini kabisa ya ukurasa, usemao kwamba wataalamu wa mapumziko wanashauri msafiri alale usiku mmoja kwa wazazi wake kwa faida ya mgongo. Usiandike ni wataalamu gani. Mimi nilikuwa mtaalamu kwa miaka thelathini na miwili na hakuna aliyewahi kuuliza.

Nakuomba ulishughulikie hili kabla ya Jumamosi. Najua gazeti hufika huku siku mbili baada ya kutoka, lakini Sila husoma kwenye simu, na kwake linafika kabla halijakauka.

Nafunga kwa kukusalimu wewe na nyumba yako yote, na wazazi wako kama wapo, nao wanapewa dakika ngapi sijui na sitaki kuingilia. Nisalimie mwandishi wa makala ile, umwambie sina kinyongo naye, ana uandishi unaovutia ndiyo maana nimeumia. Nisalimie anayepanga picha, anayesahihisha herufi, dereva anayesambaza magazeti, na yeyote atakayeifungua bahasha hii kabla yako. Mama Sila anawasalimu pia, ingawa hajui kuwa nawaandikia.

Mimi, kwa unyenyekevu na kwa kungoja,

Bartolomayo Chidumizi
Bwana shamba mstaafu
Kituo cha pili

N.B. Leo ni Jumamosi, alasiri. Barua hii haijaondoka, kwa sababu Alhamisi nilikosa stempu na Ijumaa nilikosa ujasiri. Kwa kuwa nimeshaifikisha hapa, ni haki ujue kilichotokea.

Walifika saa nne na dakika kumi na tano, mapema kuliko ratiba. Kibao hawakukiona, walikuja kwa njia ya kanisani. Daudi alinikimbilia kabla hata gari halijazimwa, akanishika goti, lile la kulia, nami sikusikia maumivu yoyote. Jenifa alienda moja kwa moja kwa mbuzi. Shamila alipiga magoti akatusalimia kama inavyotakiwa, akajifunga kanga akaingia jikoni. Sila alivua viatu, akakaa kwenye kigoda cha mama yake, akanyoosha miguu. Sijamwona amekaa hivyo tangu alipomaliza mtihani wa kidato cha nne. Halafu akasema, bila kuniangalia, kwamba amechoka na barabara, na kwamba kule Mtera anaweza kupiga simu waahirishe, na akauliza kama mimi nitaona vibaya wakilala hapa mpaka Jumatatu.

Ndugu Mhariri, mimi niliyeandika yote yaliyo hapo juu nilisimama. Nikatazama saa yangu. Nikamwambia hoteli imeshashikwa, watoto wameahidiwa boti, na jua la barabara ya Mtera halimngoji mtu. Nikasema sisi tupo siku zote, hatuendi popote. Nilisema kwa sauti ya mtu asiyehitaji kitu. Sila akaniuliza tena, mara moja tu, kama nina uhakika. Nikamwambia asiwe mtoto, nikachukua begi lao mwenyewe nikalipeleka garini. Waliondoka saa tano kasoro dakika sita.

Kwa hiyo naomba usibadilishe chochote kwenye makala yako. Iko sawa. Malalamiko namba moja hadi sita nayaondoa, na maombi pia.

Mama Sila hajaniuliza kwa nini. Ameyarudisha magodoro kwa majirani, moja moja, akiyabeba kichwani, akakataa nimsaidie. Sasa hivi ameingia kuniuliza kama nitakula mapema au nimngoje, kwa sababu ugali aliokwisha kuusonga ni wa watu sita.